Chuma Ile Nilinywesha Maji

Miye njo nilinywesha maji axe ya gurudumu ya kinga, ile baiskeli ya yaya. Hakuna mutu alinituma. Niliichoma mu mbabula ya mama mpaka ikakuwa nyekundu kama jicho ya mulevi, nikaongeza makala, nikapuliza tena mpaka ikaanza kuwa ya manjano. Kisha nikaitumbukiza mu ndoo ya maji baridi, psssiii, mbele ya batoto bote ba kartie, mutaa muzima. Moshi ilipanda, nikainama kama padri kisha misa, nikangoja bapige makofi. Balipiga. Hata yaya alipiga.

Yaya ni kaka yangu mukubwa. Tangu baba alikufa, yeye njo alikuwa anatulisha, miye na mama na badada wawili. Kinga ilikuwa ya baba, ya zamani, chuma nzito, haina pedali, haina kiti. Juu ya kinga ya vile mutu hakalie, anaisukuma. Yaya alifunga fimbo moja ku usukani na ingine nyuma, na katikati anapakia bidon, madumu ya mawese, kutoka Kasugho mpaka huku kwetu Butembo. Mu kupanda anasukuma na kifua. Mu kushuka anavuta nyuma na mwili yote, sapato ya zamani ikisugua tairi, njo freni ile. Kwa ile kazi miguu yake ilikuwa imefunguka, moja huku moja kule. Nilikuwa namuita Parenthèse, kama zile alama mbili za kufunga maneno, mabano. Alikuwa anacheka, juu hakusoma sana, alifikiri ni jina ya mutakatifu.

Shida ilikuwa axe, ile chuma nyembamba inapita katikati ya gurudumu ya nyuma na kubeba muzigo yote. Kila safari ilirudi imepinda kama ndizi. Yaya anaitoa, anaiweka juu ya jiwe, anainyoosha na nyundo, anaenda tena. Axe mupya ilikuwa inatoka Uganda, na njia ya Kasindi ilikuwa imefungwa na masasi ya vita. Forgeron, mufua chuma wa kartie yetu, basoda ba mouvement, bale baasi, balikuwa bamemubeba atengeneze jeep yabo, na mpaka siku ile bibi yake alikuwa anamupelekea chakula ku camp, hajui kama anakula yeye ao banakula bo. Donc mafundi bote ba nyumba walikuwa miye, mwanafunzi wa mécanique, kinywa kubwa, mikono safi.

Na kila mutu kwetu alijua njia ya Kasugho iko namna gani wakati ule. Kijana mwenye kutembea, basoda banaweza kumuacha apite. Anatokwa jasho, anasalimia, anasukuma, bon, apite. Mais kijana mwenye kukaa chini pembeni ya njia, kinga imelala, huyo ni wa kubeba. Ao banasema ni mutu wa pori, mupiganaji, ao banamupakia masanduku yabo kama punda. Mama alikuwa anamuambia yaya kila asubui: «Hapana kaa. Hata miguu ikauke, hapana kaa.»

Sasa niseme namna nilijua mambo ya chuma, ao namna nilifikiri najua.

Mwalimu wetu wa teknolojia alikuwa mwembamba, koti yake ilikuwa na mabega kubwa kuliko yake, tulikuwa tunasema koti njo inamufundisha kutembea. Serikali haikumulipa tangu zamani, haijulikane hata serikali gani. Siku ile aliingia na tupa moja, ile ya kukwaruza chuma, akaiweka juu ya meza, akaanza.

«Munafikiri chuma ni kitu kimoja, kama uji. Hapana. Ndani yake kuko mbegu, ndogo-ndogo, zimekaa pamoja kama nyumba za kartie. Na mu zile mbegu kuko makala kidogo. Carbone. Ukichoma chuma mpaka inakuwa nyekundu, ile makala inaanza kutembea ndani, inaingia hapa, inaingia pale. Ukiacha chuma ipoe polepole, kila moja inarudi kwayo. Chuma inakuwa laini, inapinda. Ça va?»

«Ça va, monsieur!»

«Mais ukiitupa mu maji palepale, makala inakosa wakati ya kurudi. Inafungiwa mahali haiko kwayo. Inasukuma, inasukumwa. Mulikuwa wapi ninyi, siku ile masasi yalilia ku soko?»

Tukacheka. Kila mutu alikumbuka. Mumoja alikuwa ameingia chini ya meza ya nyama, mwengine mu gunia ya makala, mwengine alijikuta amekumbatia bibi ya mutu.

«Njo vile,» mwalimu akasema. «Kila mutu alijibana pale alianguka, hakuna kusogea. Chuma ya vile ni dure. Hata tupa haiikwaruze. Sasa chuma hii ikishatoka mu maji, inafanya nini?»

Jibu yake ya kweli ilikuwa ya mu kitabu. Mais miye nilikuwa na yangu, na yangu ilikuwa muzuri zaidi. Mu pori wakati ule kulikuwa vijana bapiganaji, banawanyunyizia maji ya dawa, banawaambia risasi ikiwafikia itageuka maji. Njo nikanyoosha mukono.

«Inaingia pori, monsieur! Risasi haiiingie tena!»

Darasa ikaanguka. Bamoja bakapiga meza, mumoja akatoka machozi. Mwalimu hakucheka. Aliangalia dirisha kwanza, juu chini ya lile dirisha musoda mumoja alikuwa anapendaka kukaa mu kivuli, akisafisha meno na kijiti. Kisha akanirushia ile brosi ya ubao, ikanipata ku sikio.

«Inje! Kinywa yako itakuua, na kabla ya kukuua itatuua sisi.»

Akanipa kupe, ile chuma ya kukata majani, nikamaliza saa ile nikikata majani ya kiwanja cha masomo. Kutoka kule nikasikia kitu kinaanguka ndani, kinavunjika, na darasa yote inafanya «oooh». Nikafikiri amevunja chupa.

Vile njo nilisoma nusu ya lesoni. Sikujua kama ni nusu. Mutu mwenye nusu hajue, kwake inaonekana nzima.

Ku nyumba niliitoa axe miye mwenyewe. Kisha maji, kisha makofi, nikachukua tupa nikaipitisha juu yake. Iliteleza, ikalia kama kucha juu ya kioo. Haikutoa hata unga.

«Unaona?» nikamuambia yaya. «Jana tupa ilikuwa inaila kama mukate. Leo inaomba ruhusa.»

Yaya akajaribu yeye mwenyewe, akacheka. «Haitapinda tena?»

«Hata upakie kanisa juu yake.»

«Imekuwa nguvu?»

«Nguvu-nguvu.»

Mama alikuwa anatwanga majani ya sombe pembeni. Akasimamisha mutwangio hewani. «Nguvu ya namna gani?»

«Nguvu, mama! Kwani kuko nguvu ngapi?»

«Mwalimu njo alikuonyesha?»

«Alituonyesha bote,» nikajibu. Na kweli alibaonyesha bote. Miye tu njo nilikuwa ku majani.

Yaya akafunga gurudumu, akatoka kesho yake na bidon tupu. Nikamuimbia mpaka ku kona: «Parenthèse anaenda, atafungwa wapi!» Akaniinulia mukono bila kugeuka.

Siku ilifuata, ku masomo, jirani yangu wa banc mu darasa akaniambia: «Ulikosa kitu muzuri, weye. Monsieur aliangusha tupa chini, ikavunjika kama biskuti.»

«Tupa? Ya chuma?»

«Ya chuma. Donc alisema, ukishaitoa mu maji, iko dure mais iko na hasira ndani. Lazima uirudishe mu moto kidogo tu, kidogo, mpaka ipate rangi ya majani makavu. Pale njo makala inapumua, inasogea kidogo, hasira inaisha. Usipofanya vile, kipigo kimoja, ta! Inakatika.»

«Na kama ni axe?»

«Axe ya nini?»

«Hapana. Nauliza tu.»

Ku pause, saa ya kupumuzika, nikakimbia ku nyumba. Kulikuwa rayon moja ya zamani, waya ya gurudumu, ile nilinywesha maji siku ile ile, ya kujaribia. Nikaiachilia ianguke juu ya ngazi ya jiwe. Haikuruka, haikupinda. Ilikatika vipande, moja ikanipita ku goti. Nikaokota vyote nikavitupa mu choo, kama vile mu choo njo kosa inaishaka.

Nikafanya hesabu yangu. Kinga tupu haitavunja axe. Itaivunja pa kurudi, bidon zikijaa, mu mashimo, mu kushuka. Kwa hiyo kulikuwa wakati bado. Ningeweza kumufuata, kumuambia asipakie, ao apakie nusu. Nilivaa viatu, nikaenda mpaka ku barrière, kizuizi ya mwisho wa muji. Pale basoda balikuwa bamekalisha vijana ba ukubwa wangu mu jua, mikono juu ya kichwa, na mumoja alikuwa anawapitia akiwagonga ku kichwa na kijiko ya kulia, mumoja-mumoja, akisikiliza sauti kama mutu anachagua papai. Bengine basoda balikuwa banacheka. Ni kweli ilikuwa inachekesha, kama kichwa haiko yako.

Nikageuka. Kulikuwa mama mumoja anauzisha avoka, nikamuambia kitu ya kipumbavu juu ya avoka zake, akacheka, na juu alicheka nikaona ni kama hakuna kitu mubaya mu dunia. Nikarudi ku nyumba. Nikajiambia chuma ya baba ni ya zamani, ya muzungu, haitavunjika.

Mangaribi mama akaniangalia. «Unakula kama mugonjwa.»

«Nafunga, mama, juu ya zambi za mwalimu.»

Sikumuambia. Kama ningemuambia siku ile, pengine angetuma neno na bale basukumaji ba kinga banatoka asubui. Najua vile. Sina ya kuongeza.

Balirudi siku ya mvua, wale benzake yaya. Nilisikia sauti yabo mu njia, nikatoka. Kinga ya yaya ilikuwa imefungwa juu ya muzigo ya mwengine, kichwa chini, gurudumu ya nyuma haiko. Yule mukubwa wao, mwenye taulo ku shingo, akauliza:

«Wapi ingénieur?»

Nikasema ni miye. Mama akatoka nyuma yangu.

«Tulikuwa tunashuka,» akasema. «Bote tumepakia. Axe yake haikupinda hata kidogo. Ilipiga tu ta! Sisi tukafikiri ni risasi, bote tukalala mu matope, huyu hapa akalala mu mavi ya ngombe.»

«Yangu ilikuwa matope!» mwenzake akasema.

«Ilikuwa na harufu, matope yako. Bon, kuinua kichwa, kumbe ni kinga. Bidon zimepasuka, mawese inashuka mu njia kama damu ya ngombe, na yaya yako amekaa katikati anashika vipande viwili, anaviangalia. Tulicheka, mama. Utatusamehe, mais tulicheka.»

«Kisha?» mama akasema.

«Kisha camion, lori ya basoda.»

Mama akanipita, akasimama mbele yake mu mvua.

«Sisi tukaamuka haraka, tukasukuma. Balituacha. Yeye tulimuambia simama, simama! Alikuwa anaokota bidon. Alikuwa amekaa, mama.»

«Balimubeba?»

«Balimubeba. Njia ya Beni.»

Akaingiza mukono mu mufuko, akatoa vipande viwili vya axe, akanitilia mu mukono. «Shika. Diplome yako.»

Tangu saa ile mama hakunisemesha tena. Hakunipiga. Badada yangu alikuwa anawaita kwa majina, miye alikuwa ananisogezea sahani na muguu. Nilimufanyia mizaha yote ile nilijua. Nilimuigia padri, nilimuigia ile mwanamuke wa mbele mwenye kulia ku matanga bila machozi. Alikuwa ananiangalia kama mutu anaangalia mvua mu dirisha ya jirani.

Nilipelekea mwalimu vile vipande. Nilitaka aseme chuma ilikuwa mubaya, ya kuoza, kwamba hata fundi mukubwa angeivunja. Aliviangalia ku dirisha, akavigeuza. Kisha akaingia navyo mu darasa, akavipitisha banc kwa banc.

«Angalieni pale ilikatikia. Munaona nini?»

«Inangaa, monsieur.»

«Inangaa kama nini?»

«Kama chumvi. Ile ya mawe.»

«Bien. Mbegu kubwa-kubwa. Huyu aliichoma kupita kiasi, juu alitaka moshi nyingi. Moto ikizidi, mbegu zinanona kama nguruwe, na pale zinapakana njo chuma inapasukia. Kisha akaizamisha. Kisha hakuirudisha mu moto. Sasa, chuma hii ilikuwa dure, ao ilikuwa résistante?»

«Nguvu, monsieur!» bakaitikia bote.

«Njo ile neno itawamaliza ninyi.» Alikuwa hacheke. «Dure, maana yake haikwaruzike. Résistante, maana yake haivunjike. Munatupa zote mbili mu gunia moja munaita nguvu, kisha munasimamisha muzigo juu yake. Ile axe ya kwanza ilikuwa inapinda. Ilikuwa inamuambia mwenyewe kila safari: nimechoka. Huyu fundi wetu aliikata ulimi.»

Mutu mumoja wa nyuma akauliza: «Na mwenye kinga, monsieur, iko wapi?»

«Uliza fundi.»

Darasa ikacheka. Miye pia nilicheka, na nilicheka kwa sauti kuliko bote, juu kinywa yangu imezoea, inatanguliaka.

Yaya alirudi siku ya soko, juu ya camion ya musafirishaji mumoja mwislamu wa Beni, katikati ya magunia ya samaki kavu. Musafirishaji alikuwa anaita ku nyumba za njia yetu: «Kuko mutu wenu hapa, kujeni mumushushe!» Tulikimbia. Yaya alishuka kwa mukono moja. Ingine ilikuwa imefungwa mu singleti, na alikuwa anaibeba mbele ya kifua kama mutu anaficha mayai.

Mama alimuingiza, akamuosha, akamupa maji. Akakamata ile kuku moja ilikuwa inabaki mu kiwanja, akaikata. Hakuna mutu alimuuliza kitu. Alianza mwenyewe, na alikuwa anaongea kama mutu anasimulia mechi.

«Balikuta nimekaa. Mukubwa wabo akaniuliza mu Lingala: nani abebisi velo? Nani aliharibisha kinga? Nikasema petit yangu, anasoma mécanique. Yee! Balicheka mpaka bakashika bunduki zisianguke. Tangu pale jina yangu ikakuwa Ingénieur. Ingénieur beba hii. Ingénieur choma nyama. Hata bale bengine babeba-mizigo walikuwa bananiita vile.»

Akaniangalia, akatabasamu kidogo. Jino moja ya mbele ilikuwa haiko.

«Kisha mbele ya Beni nikaangusha sanduku ya masasi. Iliteleza tu, mvua. Kaporali akasema: Ingénieur, kuja, tupime matériel. Akaweka mukono yangu juu ya mufuniko ya sanduku, ile ya chuma. Akapiga na kitako ya bunduki. Akauliza benzake: iko nguvu? Bakasema bado, haijulikane. Akapiga tena.»

Dada yangu mudogo akaanza kulia. Mama akamusukuma inje na kiganja, polepole, akafunga mulango.

Yaya akafungua singleti. Basoda balimuacha mu njia juma kadhaa kisha ile, alifika ku dispensaire ya Beni mifupa ikisha kuungana yenyewe. Infirmier, muuguzi wa pale, alimuambia imeungana vibaya. Ndani ya mufupa kuko chokaa ya kuifanya ikuwe dure, na kuko kitu kama kamba ya kuifanya isikatike. Vyote viwili vilikuwa vimepona, mais mahali haiko pao. Ili kuinyoosha, lazima kuivunja tena, na dawa ya kulalisha mutu haikuwa. Yaya alimuambia aache. Vidole vyote vilikuwa vimejifunga ndani ya kiganja, vimeganda, vya mukono ya kuume, mukono ya kushika fimbo ya nyuma, ile inavuta kinga mu kushuka.

Kulikuwa kitu ku ulimi yangu. Sitakiandika. Yaya alikiona.

«Sema,» akaniambia. «Naona kinakuwasha.»

«Hakuna kitu.»

«Sema tu. Miye nimezoea sasa.»

Sikusema. Mama akaleta fufu na kuku, akaweka sahani moja mbele ya yaya. Yaya akanyoosha mukono ya kushoto, akavuta nyama, ikateleza, ikaanguka ku mukeka. Akaiokota, akajaribu kuishikilia na ile ingine, ile ya kufunga, ikaanguka tena. Sahani yangu ilikuwa mbele yangu. Mama akaichukua, akaiweka juu ya kabati. Akachukua kisu, akanipa mu mukono, upande wa kushikia, na akanisemesha mara ya kwanza tangu ile siku ya mvua:

«Mukatie nyama, kidogo-kidogo. Akishiba, njo na weye utakula. Na siku ataoa, utahama naye, utaenda kumukatia kule.»